Ndege wa Mjini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Afya, Tabia na Rangi Zao

Mkazi wa Kariakoo, Likoni, Eastleigh au Kampala huwaona ndege kila siku bila kuwaangalia. Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo watu huanza kuuliza wakishaangalia. Niseme mapema kwamba utafiti mwingi kuhusu rangi na afya ya ndege wa mijini umefanyika Marekani na Ulaya, kwa hiyo mifano mingi inatoka huko. Pale ambapo miji yetu ina mfano wake wa wazi, nimeutumia.

Ndege wananufaika na mji au wanaangamia?

Inategemea ni ndege gani. Anayedumu mjini ni yule anayekula chochote na kulala popote: kunguru, njiwa, shomoro, mwewe, yangeyange. Hondohondo hawezi maisha hayo, kwa sababu hutaga ndani ya shimo la mti mzee, na mti mzee ndio wa kwanza kukatwa viwanja vinapopimwa. Ndege wala wadudu waliozoea kivuli cha msitu nao hupotea kimyakimya. Hutaokota mizoga yao. Utakuja kugundua tu kwamba hujawasikia kwa miaka kadhaa.

Hata hao wanaobaki hawabaki vilevile. Mji huwagusa mwilini, kwenye sauti, kwenye saa za kulala na kwenye rangi ya manyoya.

Rangi ya ndege inatoka wapi hasa?

Kuna njia kuu tatu. Ya kwanza ni melanini, ileile inayotia weusi nywele na ngozi zetu. Mwili wa ndege huitengeneza wenyewe, na ndiyo inayoleta weusi, kijivu na hudhurungi.

Ya pili ni karotenoidi, yaani rangi za njano, chungwa na nyekundu. Hizi ndege hawezi kuzianzisha mwilini mwake, lazima azile kwanza. Mfano wa karibu yetu ni heroe, ambao wengi tunawaita flamingo, wa Ziwa Nakuru na Ziwa Natron. Uwaridi wao unatoka kwenye viumbe vidogo vya majini wanavyovichuja kwa midomo. Kifaranga wa heroe ni wa kijivu, na heroe wa kufugwa akinyimwa chakula chenye karotenoidi hupauka kila anapoota manyoya mapya.

Ya tatu ni umbo la unyoya wenyewe, linalotawanya mwanga hadi jicho likaona bluu au mng'ao wa kijani, kama kwenye kwenzi na chozi.

La kukumbuka katika yote yanayofuata ni hili: unyoya ukishakomaa ni kitu mfu, kama ukucha. Rangi iliyoingia wakati unaota haiongezwi tena mpaka ndege abadili manyoya, na wengi hubadili mara moja kwa mwaka. Ukimwona leo dume mwenye kifua kilichofifia, huenda unachokiona ni njaa au ugonjwa uliompata miezi mingi iliyopita.

Chiriku wa Arizona, Marekani, wana nini cha pekee hata watajwe kila mahali panapozungumzwa rangi za ndege?

Chiriku huyo, kwa jina la kitaalamu *Haemorhous mexicanus*, ni ndege mdogo mla mbegu ambaye asili yake ni Mexico na magharibi mwa Marekani. Jike ni wa hudhurungi mwenye michirizi. Dume ana rangi kichwani na kifuani, na rangi hiyo haifanani dume kwa dume. Kuna wekundu wa kukolea, kuna wa chungwa, na kuna walioishia kwenye njano. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti Geoffrey Hill alionyesha kwamba majike huwapendelea wekundu. Ni busara kwa upande wa jike, kwa kuwa rangi hiyo ni ya kuliwa: dume aliyekolea ameshathibitisha kwamba alijua kutafuta chakula na hakulemewa na maradhi.

Uzuri wake kwa mtafiti ni kwamba anaishi jangwani na anaishi katikati ya jiji la Phoenix, Arizona, vilevile. Unaweza kulinganisha ndege wa aina moja, chini ya jua lilelile, kwa umbali wa mwendo mfupi wa gari. Kikundi cha Kevin McGraw katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kiliwanasa chiriku kwenye maeneo yaliyojengeka kwa viwango tofauti, na mwaka 2014 kikachapisha kilichopatikana. Kadiri mahali palivyojengeka ndivyo ndui ya ndege ilivyoonekana kwa wengi zaidi, na ndivyo vimelea vya koksidia vilivyozidi. Mfugaji wa kuku anavijua vyote viwili hata kama hakuwahi kusikia majina hayo. Ndui ndivyo vile vipele vigumu vya usoni na miguuni. Koksidia ni jamii ya vimelea vinavyoleta kuhara damu kwa vifaranga.

Hapa ndipo ugonjwa unapokutana na rangi. Koksidia hukaa utumboni, palepale ambapo karotenoidi hufyonzwa. Katika majaribio, chiriku walioambukizwa koksidia wakati wanabadili manyoya waliota manyoya mekundu hafifu kuliko wenzao waliokingwa. Kwa hiyo unaweza kumjazia ndege chakula kizuri, tumbo likakataa, na kifua chake kikakuambia.

Kuna jambo jingine ambalo mimi sikulitegemea: madume wa mjini walionekana kuwa na ugomvi mdogo kuliko wa jangwani. Kwa desturi tunadhani msongamano huzaa ugomvi. Labda pakiwa na midomo mingi mezani, ndege anayepigania kila punje hupoteza nguvu kuliko anachokipata.

Na kama ndege haumwi ila chakula ndicho duni?

Rangi hupauka vilevile. Ulaya yuko ndege mdogo mwenye kichwa cheusi na kifua cha njano, *Parus major*, anayefahamika kwa kila mtoto wa huko. Njano yake inatokana na viwavi: majani yana karotenoidi, kiwavi hula majani, ndege hula kiwavi. Huko Gothenburg nchini Sweden na Tartu nchini Estonia, watafiti waliwakuta wa mjini wakiwa na njano iliyopauka kuliko wa msituni.

Kinachokosekana mjini mara nyingi si miti, ni wadudu wa kwenye miti. Mti wa mapambo ulioletwa kutoka bara jingine unaweza kuwa wa kijani mwaka mzima na usiwe na kiwavi hata mmoja, hasa ukinyunyiziwa dawa. Manispaa huhesabu miche iliyopandwa, ndege hahesabu hivyo.

Kwa hiyo ndege aliyepauka ni mgonjwa?

Hapana, usikimbilie huko. Anaweza kuwa kijana, anaweza kuwa jike, au manyoya yake yamechakaa kwa jua na yanakaribia kubadilishwa. Kweche dume ni mwekundu au wa njano msimu wa kuzaliana. Ukipita huvaa hudhurungi akafanana na jike. Rangi husema kitu ukilinganisha wengi wa aina moja, jinsia moja na msimu mmoja. Ndege mmoja peke yake hasemi mengi.

Ndege wa mjini ni wachafu kweli, au ni macho yetu tu?

Wengine ni wachafu kweli, na uchafu huo umewahi kupimwa. Mwaka 2017 Shane DuBay na Carl Fuldner wa Chicago walichapisha utafiti wao juu ya ndege waliokaushwa na kuhifadhiwa kwenye makabati ya makumbusho, zaidi ya 1,300, wa aina tano, waliokusanywa kwa kipindi cha miaka 135 katika ukanda wa viwanda wa Marekani. Ndege wa mwanzoni mwa karne ya 20 wana vifua vya kijivu ambavyo vilipaswa kuwa vyeupe. Weusi huo ni masizi ya makaa ya mawe. Kwa kuwa ndege hawa huota manyoya mapya kila mwaka, kila mmoja alibeba masizi ya mwaka wake tu, na kwa kupiga picha na kupima mwanga uliorudi kutoka kwenye manyoya, wawili hao waliweza kufuatilia jinsi hewa ilivyochafuka na ilivyokuja kusafika sheria na nishati zilipobadilika.

Napenda sana utafiti huu kwa sababu haukuhitaji kumnasa ndege hata mmoja. Waliokusanya ndege wale hawakuwa na habari kwamba wanakusanya hewa pia.

Kwa nini njiwa wa mjini wengi ni weusi?

Jibu moja lilitoka Paris. Melanini ina tabia ya kushika madini. Njiwa mwenye manyoya meusi huweza kuitoa zinki kwenye damu na kuiweka kwenye manyoya, kisha manyoya yakianguka nayo huondoka. Watafiti wa huko waliona mwaka 2014 kwamba njiwa weusi zaidi huhifadhi zinki nyingi zaidi kwenye manyoya. Mahali penye vumbi la magari na mapaa ya madini, weusi unaweza kuwa kinga. Lakini si jibu pekee, maana njiwa hawa ni uzao wa njiwa wa kufugwa, na wafugaji walichanganya rangi kwa karne nyingi.

Mbona njiwa wengi wana vidole vilivyokatika?

Watu husema ni ugonjwa, au ni kinyesi kinachowaunguza. Chunguza mguu wa njiwa aliyesimama karibu yako na mara nyingi utaona uzi au unywele umezungushwa kwenye kidole, umekaza, na mbele yake kidole kimevimba au kimekauka. Damu haipiti, kidole kinakufa, kinadondoka. Utafiti uliofanywa Paris na kuchapishwa 2019 ulikuta kwamba majeraha haya yalielekea kuongezeka kwenye mitaa yenye vinyozi na saluni nyingi. Sasa fikiria mitaa yetu ambayo saluni ziko mlango kwa mlango na mabaki ya rasta hufagiliwa hadi mtaroni. Kuyafunga kwenye mfuko kabla ya kuyatupa hakugharimu chochote.

Ni magonjwa gani yanasambaa zaidi mjini?

Yale yanayopenda msongamano. Mbali na ndui na koksidia, kisa kinachojulikana zaidi ni cha macho ya chiriku. Ndege hao waliachiwa huru huko New York mwaka 1940, wakaenea mashariki yote ya Marekani. Majira ya baridi ya 1993 kuingia 1994, karibu na jiji la Washington, watu walianza kuwaona wakiwa na macho yaliyovimba na kufunga. Kilichowapata ni bakteria *Mycoplasma gallisepticum*, ambayo wafugaji wa kuku walikuwa wakiijua zamani. Ndege asiyeona hakai kwenye mti, hukaa palepale kwenye chombo cha mbegu bustanini, na kila anayekuja kula baada yake hugusa alipogusa yeye.

Uingereza nayo, tangu mwaka 2005, imepoteza sehemu kubwa ya chiriku wake wa kijani kwa kimelea cha koo kinachopita kwenye vyombo vya chakula na maji. Nia ya waliowalisha ilikuwa njema kabisa.

Kuna pia madhara yasiyo na dalili ya nje. Huko Malmö, Sweden, watafiti waliwabadilishana vifaranga wa *Parus major*, wa mjini wakapelekwa shamba na wa shamba mjini. Waliokulia mjini, bila kujali walikotoka, walikuwa na telomea fupi zaidi. Telomea ni ncha za kromosomu, na kufupika kwake huhusishwa na kuzeeka. Siku chache za kiotani zilitosha kuleta tofauti hiyo.

Mji hauna faida yoyote kwa afya yao?

Upo upande huo. Katika kisiwa cha Barbados, ndege wadogo wa mjini walishinda wenzao wa mashambani katika kutatua mafumbo ya kufungua vyombo vya chakula, na kinga yao ya mwili ilikuwa imara zaidi. Chakula mjini hakikatiki kwa msimu, maji yapo, na wanyama wawindaji wengi hawapo. Kila mji na kila ndege vina hesabu yake, na anayekuambia mji ni sumu tupu amesoma nusu ya habari.

Kuna ubaya kuwapa mkate, ugali au chipsi?

Mara moja moja hawatakufa. Tatizo ni pale chakula hicho kinapokuwa ndicho chakula. Kina wanga na chumvi, hakina protini ya kuoteshea manyoya, na vifaranga wa ndege wengi, hata wa wala mbegu, hutaka wadudu. Chakula kilichooza huleta ukungu na panya.

Kwa nini ndege fulani huimba usiku wa manane?

Watu husingizia taa, na taa zina sehemu yake. Katika jaribio lililofanywa Ujerumani, ndege weusi wa jamii ya *Turdus merula* waliwekwa usiku kwenye mwanga wa luksi 0.3 tu, ambao ni hafifu kuliko mwanga wa chini ya taa ya barabarani. Miili yao ilikuwa tayari kuzaliana karibu mwezi mzima kabla ya wenzao waliolala gizani. Ukizaa mapema kuliko viwavi, vifaranga hukosa chakula.

Lakini huko Sheffield, Uingereza, walipochunguza ndege wenye vifua vya rangi ya chungwa wanaoimba usiku, waligundua kwamba kilichotangulia ni kelele za mchana kuliko mwanga wa usiku. Ndege anayezibwa na magari mchana husubiri barabara itulie.

Kelele hubadilisha wimbo wenyewe?

Ndiyo, na hili limethibitishwa katika miji mingi. Mlio wa magari umejaa sauti nzito za chini. Mwaka 2003 Hans Slabbekoorn na Margriet Peet walionyesha kwamba *Parus major* wa mji wa Leiden, Uholanzi, waliokaa penye kelele nyingi waliimba bila zile sauti za chini, wakabaki na za juu zinazopenya.

Halafu ikaja 2020. Watu walipofungiwa ndani kwa sababu ya korona, San Francisco ilinyamaza kwa kiwango ambacho haikuwahi kuwa nacho tangu miaka ya 1950. Elizabeth Derryberry na wenzake walikuwa na rekodi za miaka ya nyuma za ndege mdogo mwenye mistari myeupe kichwani, *Zonotrichia leucophrys*, kwa hiyo waliweza kulinganisha. Ndege waliimba kwa sauti ya taratibu zaidi, wakarudisha zile noti za chini, na bado wimbo ulifika mbali kuliko kabla. Watu waliokuwa wakisema ndege wameongeza sauti kipindi kile walikuwa wakisikia kinyume: ndege walipunguza, ni magari yaliyotoka njiani.

Mbona ndege wa mjini hawaogopi watu?

Kijijini, mtoto mwenye manati humfundisha ndege umbali salama. Mjini watu hupita maelfu bila kurusha jiwe, na ndege anayeruka kila mtu anapopita hatakula kamwe. Sehemu yake ni kujifunza, sehemu yake ni kwamba waoga hawakubaki.

Waswahili wa siku hizi husema mjini shule, na kwa ndege msemo huo ni sahihi neno kwa neno. Huko Seattle, John Marzluff na wenzake walivaa kinyago cha uso fulani walipowakamata kunguru mwaka 2006. Miaka mingi baadaye kunguru wa pale walikuwa bado wakimzomea yeyote anayevaa kinyago kile, wakiwemo kunguru ambao hawakuwahi kukamatwa. Huko Sydney, kasuku wakubwa weupe wenye kishungi cha njano walijua kufungua vifuniko vya mapipa ya taka: kabla ya 2018 tabia hiyo iliripotiwa katika vitongoji vitatu tu, na kufikia mwisho wa 2019 ilikuwa katika vitongoji 44. Waliigana.

Vipi kuhusu kunguru wetu wa pwani?

Yule mdogo mwenye shingo ya kijivu, ambaye Mombasa huitwa kurabu, si wa kwetu kwa asili. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka. Mwaka 1947 alionekana Mombasa. Leo yupo Dar es Salaam, Tanga, Malindi, Watamu, na anazidi kuingia bara. Alifanikiwa kwa sababu tulimwekea mahitaji yake yote: majalala ya wazi, masoko ya samaki, miembe ya kutagia.

Anaowaumiza zaidi ni ndege wengine. Hula mayai na vifaranga, na viota vya mnana vinavyoning'inia wazi havimshindi. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa kunguru milioni moja, kwa kutumia sumu iitwayo Starlicide inayolenga kundi hilo. Sipingi mpango huo, kwa sababu hali ilikuwa imefika pabaya. Lakini sumu bila kuzoa taka ni kuajiri kazi isiyoisha. Jalala lililo wazi litawalea wapya.

Na wale ndege wakubwa wenye vipara wa Kampala na Nairobi?

Ni korongo aitwaye marabou. Kampala humwita kaloli. Kampala wanataga juu ya miti mikubwa katikati ya jiji, na Nairobi utawakuta kwenye migunga ya karibu na Uwanja wa Nyayo. Wanakula mabaki ya machinjio na ya majalala kama Dandora. Kichwa kisicho na manyoya hakichafuki kikiingia ndani ya mzoga.

Miguu yake huonekana myeupe kama iliyopakwa chokaa. Ngozi ya chini yake ni ya kijivu iliyokolea: weupe ule ni kinyesi chake mwenyewe, anachojimwagia makusudi ili kikikauka kimpunguzie joto. Kwa hiyo hapo rangi si ya chakula wala ya ugonjwa. Watu humwona anatia kinyaa, na bado kuna tani za mabaki ambazo bila yeye zingeoza barabarani.

Mabadiliko haya hurithiwa, au ndege akirudi porini hurudi alivyokuwa?

Yapo ya aina zote mbili. Wimbo uliobadilika San Francisco ulirudi ndani ya wiki chache, kwa hiyo huo ni wa kujirekebisha tu. Lakini karibu na San Diego, ndege waitwao junko walihamia eneo la chuo kikuu cha pwani miaka ya 1980 kutoka milimani. Manyoya ya mkia ya junko yana weupe wa pembeni ambao dume huufungua akijionyesha kwa jike na akitishia wenzake. Mwaka 2004 Pamela Yeh alionyesha kwamba weupe huo ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 22, na kwamba vifaranga waliolelewa katika mazingira sawa walibaki na tofauti hiyo. Msimu wa kuzaliana pale ni mrefu, hivyo dume anayelea watoto hupata faida kuliko dume wa kujionyesha.

Nebraska nako, mbayuwayu wanaojenga chini ya madaraja walichunguzwa kwa miaka 30. Waliogongwa na magari walipungua mwaka hadi mwaka ingawa ndege waliongezeka, na mabawa ya waliobaki yakawa mafupi, ya kukwepa haraka.

Ni kweli ndege huweka vichungi vya sigara kwenye viota?

Ni kweli, Jiji la Mexico. Shomoro na chiriku waliofuma vichungi hivyo kwenye viota walikuwa na utitiri na wadudu wachache, kwa sababu nikotini huwafukuza. Baadaye ikaonekana kwamba chembe za damu za vifaranga kwenye viota hivyo zina uharibifu wa kijenetiki.

Kuna ndege anagonga kioo cha gari langu kila asubuhi. Ana kichaa?

Anajiona mwenyewe na kudhani ni dume mwingine aliyeingia eneo lake. Funika vioo vya pembeni kwa mfuko wa kitambaa wakati gari limeegeshwa. Msimu wa kuzaliana ukipita, ataacha.

Na wanaogonga madirisha ya maghorofa na kufa?

Hao hawajioni, wanaona mti au anga ndani ya kioo. Makadirio ya Marekani ni ndege kati ya milioni 365 na karibu bilioni moja kwa mwaka. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 2023, jengo moja tu la mikutano la Chicago, McCormick Place, liliua wasiopungua 961 waliokuwa safarini. Mwaka uliofuata kioo kilibandikwa nukta ndogo na vifo vikapungua sana. Nukta hizo hubandikwa kwa nje, zikiachana sentimita tano hivi. Sanamu moja ya mwewe iliyobandikwa katikati ya dirisha haisaidii.

Bundi kwenye paa langu analeta mkosi?

Analeta ulaji wa panya. Cha kuhofia ni sumu ya panya: panya aliyekula sumu huchukua siku kadhaa kufa, hutembea akilegea, na bundi humchukua huyohuyo. Tumia mitego.

Nikikuta kifaranga chini nifanye nini?

Akiwa na manyoya tayari na anarukaruka, muweke kwenye tawi au kichaka kilicho karibu, ondoa paka, ondoka. Wazazi wapo. Akiwa uchi, mrudishe kiotani ukikiona. Harufu ya mkono wako haitamfanya mama amkatae.

Ukikuta ndege kadhaa wamekufa pamoja, usiwashike kwa mikono mitupu wala kuwapika. Toa taarifa ofisi ya mifugo iliyo karibu, kwa kuwa mafua ya ndege huanza kuonekana hivyo. Kinyesi cha njiwa kilichorundikana darini kilowanishe kwanza na uvae barakoa kabla ya kufagia, maana vumbi lake hubeba vijidudu vya mapafu.

Naweza kuchangia taarifa bila kuwa mtaalamu?

Ndiyo. Kenya kuna Kenya Bird Map, Tanzania kuna Tanzania Bird Atlas, na eBird hupokea kutoka popote. Andika mahali, tarehe na idadi, hata kama ni kunguru watatu. Orodha za mijini ni chache kuliko za mbugani, kwa sababu watu hutoa darubini wakifika Serengeti.

Picha za simu zinatosha kulinganisha rangi?

Kwa jicho tupu, hapana. Kamera ya simu hubadilisha rangi yenyewe kulingana na mwanga, na chiriku yuleyule atatoka mwekundu asubuhi na wa chungwa mchana. Ukipata manyoya yaliyodondoka, yapige picha kivulini, saa ileile, juu ya karatasi nyeupe ileile, na uandike mtaa ulikoyaokota. Ukishapata ya mitaa miwili, yaweke kwenye picha moja.